Waliniambia tairi ni tairi, mradi rimu iingie

Mwezi juzi, mvua ikinukia, nilitoka Ruai nikashuka duka moja la tairi Industrial Area, Nairobi, kutafuta tairi za nyuma za trekta yangu. Inavuta kwa magurudumu yote manne: mbele 12.4-24, nyuma 16.9-30 (namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni rimu, zote kwa inchi). Ya nyuma hawakuwa nayo, jamaa wa kaunta akanitolea 18.4-30. Nikamuuliza, itapatana na za mbele? Hakunijibu mimi. Alimgeukia dereva wangu: "Mwambie mama tairi ni tairi, mradi rimu iingie. Ama amlete mzee wake tuongee."

Trekta ni yangu. Nimeilipia mimi. Na bado nikatoa pesa, mvua ilikuwa mlangoni.

Nisiwadhulumu, tairi zenyewe ni nzuri. Zinauma udongo mweusi wa huku vizuri sana, na wiki ya kwanza nilikuwa tayari kuwasifu. Halafu gia ya mbele, ile inayofanya magurudumu ya mbele nayo yavute, ikaanza kukwama, haitoki mpaka dereva arudi nyuma kidogo. Siku chache baadaye sili ya difu ya mbele, yale magia ya katikati ya ekseli, ikatema oili.

Fundi wa Kamulu alikuja na chaki tu. Akachora mstari kwenye tairi ya mbele na ya nyuma, akaniambia nihesabu huku dereva akienda taratibu mpaka ya nyuma izunguke mara 10. Gia ya mbele ikiwa nje, ya mbele ilizunguka mara 13 na kidogo. Ikiwa ndani, haikufika 13. Yaani zinaburutwa! Inatakiwa kinyume: gia ikiingia, za mbele zikimbie kuliko za nyuma kwa asilimia 1 hadi 5, yaani zitangulie, ndipo zivute. Mzingo wa tairi ya 18.4 umezidi wa 16.9 kwa karibu asilimia 5, kule kutangulia kote kumeliwa, na mbele na nyuma zinapigana ndani ya giaboksi.

Nikawarudia. Yule yule: "Mama, si uliridhika?" Kijana aliyefunga tairi akanifuata hadi getini, akasema kwa sauti ya chini, "Pole mama. Niliona, lakini mimi ni wa kufunga tu."

Nilitaka kuandika: nendeni, ila muulizeni huyo kijana. Hapana. Kama aliona yeye, wa kaunta aliona pia. Msiende.

Trekta imesimama uani. Imenyesha mara mbili, na shamba la jirani lishalimwa.