Kitabu cha mafumbo cha mtumba: elfu tatu yangu haikupotea

Nilikiokota kwa muuza vitabu wa chini kule Posta, Dar. Mafumbo ya maneno ya Kiingereza ya kujaza miraba, yale ya mtego (cryptic crossword). Alitaja elfu tano, nikampa tatu.

Mwanzoni nilikinunia. Siku nne kwenye pantoni ya Kigamboni sijajaza hata mraba mmoja! Nilikuwa nasoma kidokezo kama sentensi ya kawaida, na hapo ndipo wanapokunasa. Kumbe maana halisi ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni. Maneno yaliyobaki ni maelekezo ya kuvuruga herufi, kuzigeuza au kuzichomoa. Nikajitungia kimoja cha Kiswahili: “Mamba haringi, ameficha maji ya chumvi (6).” Sahau mamba. Maana ni “maji ya chumvi”, jibu lina herufi sita, na “ameficha” inakuambia limejificha ndani ya maneno: mamBA HARIngi. Bahari! Dada aliyekaa jirani alicheka mpaka akaomba kalamu.

Utangulizi ni kurasa mbili tu ila mtamu. Unamtaja Torquemada, aliyeanza kutungia mafumbo gazeti la Uingereza la Observer mwaka 1926, na aliyejipa jina la mkuu wa mahakama ya mateso ya Hispania. Ukikwama utaelewa kwa nini.

Kasoro: mwenye kitabu wa kwanza alijaza mafumbo tisa kwa wino (wino jamani!), na karatasi ya majibu ya mwisho imechanwa. Vidokezo vya kriketi navyo naviruka, sina habari navyo.

Nyota nne. Nenda na penseli na kifutio.