Petroli gani kwa mashine ya boti ya kuchanganya oili? Kuanzia bora hadi ya kuepuka

Ukifika kwenye pampu na tangi lako mkononi, usianze kwa kuuliza ipi ni ya bei ya juu. Uliza mawili tu: ina ethanoli (pombe inayochanganywa kwenye petroli) kiasi gani, na imekaa muda gani. Hayo ndiyo yanayoamua afya ya mashine hii ya mipigo miwili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, kuliko tarakimu kubwa iliyobandikwa kwenye pampu.

1. Petroli ya kawaida, mpya, isiyo na ethanoli

Hii ndiyo ya kutafuta kwanza. Mashine nyingi za aina hii zinaridhika na oktani (uwezo wa petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati) ya 91 kwa kipimo cha RON, kinachotumika nchi nyingi. Pampu za Marekani huandika 87, lakini kipimo chao ni kingine na mafuta ni karibu yaleyale, kwa hiyo usishtuke ukisoma kitabu cha mashine kikasema 87. Fuata kitabu.

Huna uhakika kama ina ethanoli? Chukua chupa nyembamba inayoonyesha ndani, tia maji kidogo, weka alama usawa wa maji, kisha mimina petroli juu yake. Tikisa, uiache itulie. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, yamevuta ethanoli kutoka kwenye petroli.

2. Petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10 (E10)

Inatumika, na watengenezaji wengi wanairuhusu. Tatizo ni kwamba ethanoli hunywa maji, na boti inaishi majini. E10 hubeba takriban mililita 5 za maji kwa lita. Kwa tangi la lita 25 hiyo ni kama mililita 125, hata kikombe cha chai hakijai. Yakizidi hapo, ethanoli na maji hujitenga na petroli na kuzama chini, palepale mrija wa kunyonya ulipo. Kwa mwenye gari huo ni usumbufu wa kuzimikiwa. Kwako wewe ni zaidi, maana oili yako imebaki juu na petroli. Kile kinachonyonywa kutoka chini hakina ulainisho wowote, na pistoni inaweza kukwama.

Ukilazimika kutumia E10, nunua ya siku chache tu, funga kifuniko cha tangi barabara, na weka filta ya kutenganisha maji. Mashine ya zamani ikaguliwe mipira ya mafuta kwanza: ethanoli hulainisha mipira ya kale mpaka vipande vyake vinaingia kwenye kabureta.

3. Oktani 95 au 98

Haidhuru. Haiongezi mbio pia, kama mashine haikuundwa kuihitaji. Mimi mwenyewe niliwahi kuilipia kwa muda mrefu nikijidanganya kuwa nasikia tofauti. Lakini kama ndiyo pekee isiyo na ethanoli unapoishi, basi ipandishe iwe ya kwanza.

4. Petroli ya makopo iliyokwisha kuchanganywa

Hudumu miaka bila kuharibika, kwa hiyo inafaa mashine ya akiba inayolala miezi kadhaa. Soma kopo vizuri, kwani mengi hulenga misumeno ya miti inayopozwa kwa hewa, na oili yake si ya mashine ya boti.

Za kuepuka

E15 na E85 (zenye ethanoli hadi asilimia 15 na 85), moja kwa moja. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina madini ya risasi yanayochafua plagi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hushusha oktani, mashine ikaanza kugonga na kutoa moshi. Zipo mashine zilizoundwa kutumia mafuta ya taa, Yamaha wanazo, lakini hata hizo huwashwa kwa petroli kwanza, na hurudishwa kwenye petroli kabla ya kuzimwa. Kama yako si ya aina hiyo, usijaribu.

Oili

Petroli nzuri na oili mbaya ni kazi bure. Tafuta herufi TC-W3 kwenye chupa, alama ya oili ya mashine za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Oili ya injini ya gari huacha majivu kwenye plagi na pistoni, na ya pikipiki haikukusudiwa mashine inayopozwa kwa maji. Uwiano wa 50:1 ni mililita 20 kwa lita, yaani nusu lita kwa tangi la lita 25. Mashine mpya nyingi huanza na 25:1, mara mbili ya hapo, katika saa 10 za mwanzo. Za kale nyingine hubaki hapo maisha yote. Tia petroli kidogo, mimina oili, tikisa, ndipo ujaze.

Andika tarehe kwenye tangi. Mchanganyiko uliopita mwezi mmoja nauhesabu kuwa mzee, na dawa ya kuhifadhi petroli hutiwa ikiwa bado mpya, haifufui iliyokwisha kuoza. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi. Ukikuta lori linashusha mafuta, rudi baadaye, kwa sababu uchafu na maji ya chini yametibuliwa. Tangi la kubebeka lijaze likiwa chini ardhini, nje ya boti, pua ya pampu ikigusa mdomo wa tangi ili cheche ya umeme tuli isiruke.