Sounds of Sisso: singeli ya 2017 haijachuja

Kwa miaka tisa nilikaa kibandani Manzese na kompyuta moja, nikiwatilia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kazi ile ilinifundisha wimbo unavyochuja. Mteja anakuja Ijumaa, "Kaka, nitilie ile inayopigwa kwenye bajaji," halafu baada ya wiki tatu anarudi anataka uifute apate nafasi ya nyingine. Singeli, ule muziki wetu wa kasi wa uswahilini Dar, ndizo nilizozifuta kuliko zote. Ndiyo maana mpwa wangu aliponinunulia mkusanyiko huu wa Sounds of Sisso kwenye intaneti mwezi uliopita, niliketi kuusikiliza nikiwa na swali moja: singeli ya 2017 inachezeka leo?

Inachezeka, tena sana.

Kwa asiyeujua, huu ni mkusanyiko wa maprodyuza na ma-MC wa studio ya Sisso, pale Mburahati, Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wamo Sisso mwenyewe, Bamba Pana, Jay Mitta, Makaveli na wenzao. Watu wengi wa Ulaya walianzia hapa kujua kwamba Dar kuna muziki unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Sisi wa huku tulishaucheza miaka mingi kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, turubai limefungwa katikati ya mtaa na vumbi linatufika magotini.

Sikilizeni vile vinanda. Wale vijana walichukua kipande kidogo cha taarabu, pengine sekunde mbili za utangulizi, wakakizungusha na kukiongezea spidi mpaka kinanda kikaanza kulia kama ndege aliyenaswa. Mama yangu, ambaye taarabu ya rusha roho anaijua yote, alikuwa anapepeta mchele uani nilipofungulia. Akanyanyua kichwa: "Hiyo si taarabu hiyo? Mmeifanyaje?" Mchele ukabaki kwenye ungo. Alikaa akitafuta ni wimbo gani, na hakuupata, lakini mguu ulikuwa unapiga chini muda wote.

Chini ya hapo kuna mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli. Aliyekulia Tandale au Mwananyamala miaka ya tisini anazikumbuka zile kinanda ndogo za Casio zinazotumia betri, zimeunganishwa kwenye spika za honi, ngoma zinapigwa mpaka alfajiri. Sauti ile kavu, inayokwaruza sikio, imo humu. Kwangu ndiyo siri ya mkusanyiko huu kutozeeka: ulipozaliwa ulikuwa umeshabeba vitu vikongwe, na haukujaribu kuvisafisha. Singeli nyingi nilizozifuta kibandani zilikuwa na biti safi kabisa. Tatizo lake ni kwamba zilitengenezwa zifanane na iliyotangulia kupendwa, basi ikichuja moja zinachuja zote.

Spidi nayo nina neno juu yake. Kuna kipindi wateja walikuwa wananiuliza ipi inakimbia zaidi, na maprodyuza wakashindana kwelikweli. Mashindano hayo hayana mwisho mzuri, maana mwili wa mtu una kikomo. Humu wanajua kukaba: ngoma inakatika ghafla, anabaki MC peke yake anachana kwa pumzi moja, kisha biti inamrudia kwa nguvu. Pale ndipo watu hupiga kelele kigodoroni. Zipo pia biti tupu, hazina mchanaji, zinazorudia jambo lilelile muda mrefu. Hizo ukiwa umekaa kwenye kochi zinachosha, na mimi mbili nazirusha kila mara.

Mtaniambia vijana wa sasa wamefika mbali. Ni kweli. DJ Travella na albamu yake ya 2022, Mr Mixondo, anaupeleka muziki huu sehemu ambazo studio za Mburahati hazikuwahi kugusa, na Sisso na Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, ina vinanda vya ajabu kweli. Ninazo zote mbili na ninazipenda. Lakini sherehe ikipoa narudi kwenye huu wa 2017, kwa sababu ya wachanaji. Wanaongea Kiswahili cha uswahilini, cha kukosa kodi na kumtania jirani, na mtu anasikia anaitwa.

Ushauri wangu kwa atakayenunua: usiusikilize kwenye spika ya simu. Besi yote inapotea, unabaki na vinanda vinavyopiga kelele, na utausema vibaya bure. Azima spika kubwa, iweke mlangoni ikitazama nje, anza saa kumi jioni watoto wakiwa wametoka shule. Pale kwangu walifika wanane kabla wimbo wa pili haujaisha, na yule mdogo kabisa alikuwa amevaa kandambili za baba yake.