Dawa ya mbawakawa niliyouziwa kwenye chupa ya maji, Dodoma

Kama una waridi nyumbani na uko Dodoma, usikubali dawa ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Duka silitaji jina, ni la pembejeo, hapa hapa mjini.

Wale mbawakawa weusi wenye mikanda ya njano mgongoni kila mwenye maua huku anawajua. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, maua yakichanua na wao ndo hao. Wanalifuata ua lenyewe, unakuta watatu wanne wamejibanza ndani ya waridi moja wanatafuna kuanzia pembeni, jua likipanda kidogo limebaki kikonyo na zile nyuzi za katikati. Na ukimbana anatoa majimaji ya njano miguuni, hiyo ni sumu, inaitwa kantharidini, binti yangu alitulia na mbawakawa mmoja shingoni akampiga kofi, kesho yake malengelenge shingo nzima.

Basi nikawaweka wawili kwenye kopo nikaenda nao dukani ili muuzaji awaone mwenyewe. Nikamsalimia, kimya. Nikafungua kopo, hata hakuangalia, yuko na simu, anasema "mama, maua siyo chakula, wakila si yatachanua mengine?" mbele ya wateja wote. Mi yale maua nayamwagilia kwa maji ya kununua kwenye madumu yakikatika ya bomba, halafu mtoto wa kumzaa mwenyewe ananiambia hivyo! Akachukua chupa kubwa, akamimina kwenye chupa ya maji, akaniambia vifuniko viwili kwa bomba la kupulizia la lita 16, elfu tano. Namuuliza, "kijana wangu, hii dawa inaitwaje?" Akanijibu "unataka dawa au unataka cheti?"

Hilo jibu ndo linaniuma mpaka leo. Kiuatilifu kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kiwe na lebo yenye jina, kipimo, jinsi ya kujikinga, na ufanye nini mtu akiinywa. Sasa nyumba ina watoto, chupa ni ya maji, akiinywa mtoto pale hospitali nitawaambia amekunywa nini?

Kuhusu dawa yenyewe niseme ukweli, inaua. Nilipulizia jioni nimejifunga kitambaa, asubuhi wamelala chali chini ya mashina. Lakini na nyuki wamelala pale pale, wengi tu, na siku chache mbele mbawakawa wengine wakaja kutoka porini maana hawa wanaruka, wakaendelea walipoishia wenzao. Kwa hiyo sijui niseme inafaa au haifai. Hapana, haifai, dawa isiyo na jina haifai hata ingeua wote.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni, ana shamba la zabibu Mpunguzi, akanifuata nje akaniambia mwanangu hao waokote alfajiri kabla jua halijawapasha, wanakuwa wazito hawaruki, vaa glavu, watumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na maua yenye wadudu usiwatupie mbuzi maana ile sumu wakiila inawadhuru. Nafanya hivyo sasa, asubuhi nikichelewa tu nakuta wameshawahi, ila waridi ninazo, na nyuki wamerudi. Ushauri wa bure, na mwenye duka hakunipa hata neno!

Nilikuwa nimepanga niwape nyota tatu kwa sababu miche yao ya waridi ni mizuri kweli, yangu yote nilinunua pale na hakuna uliokufa. Nawapa moja. Ile chupa niliwarudishia, wakaipokea, hela hawakurudisha, na nikiwa bado nimesimama pale yule kijana akaiweka tena rafuni, hivyo hivyo bila lebo.