Petroli au dizeli? Magari manne yaliyotumika, kuanzia ninaloliweka juu

Anayetafuta gari la juu (lililoinuka kutoka ardhini) lililotumika kutoka Japani hukutana na swali hili kabla hata ya kuchagua rangi. Wengi hulijibu kwa kutazama bei kikomo za EWURA, mamlaka inayozitangaza bei za mafuta Tanzania, wanaona lita ipi ina nafuu mwezi huo, basi wameshaamua. Mimi naanzia kwingine: gari lako litashinda wapi? Mpangilio huu ni wa mtu anayeishi Dar, anayeenda kazini na kurudi, anayepeleka watoto shule, na ikifika Desemba anapakia familia kwenda Moshi au Mbeya.

Kwanza tuelewane tofauti iliyopo ukiwa umeshika usukani. Petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haihitaji cheche. Injini inabana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa dereva, matokeo yake ni nguvu inayopatikana mapema. Chukua Mazda CX-5 ya 2012 ya soko la Japani: ya petroli lita 2.0 ina nguvu ya kuvuta ya Nm 196, ya dizeli lita 2.2 ina Nm 420, na hizo 420 zote unazipata mshale wa mizunguko ya injini ukiwa kwenye 2,000 tu.

Kapande mlima Kitonga, njia ya Mbeya, na gari limejaa, mbele yako semi linajikokota, halafu mfike mahali panaporuhusu kupita. Mwenye petroli anakanyaga mpaka gia inashuka, injini inalia kwa mizunguko 4,000 na zaidi, ndipo gari linaondoka. Mwenye dizeli anagusa pedali, mshale haujafika hata 3,000, na semi limeshabaki nyuma. Ila aliyezoea petroli atashangazwa na mambo mawili. Ukikanyaga ghafla kutoka mwendo mdogo, tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa) inachelewa kidogo kuamka, kwa hiyo anza kukanyaga mapema. Na ukipita 4,000 hakuna kitu tena huko juu, ni kelele tu. Iache gia ipande.

Kushuka je? Vijiweni wanasema dizeli inajishika yenyewe mteremkoni. Si kwa gari dogo. Petroli ukiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga na injini inalishika gari lipunguze mwendo. Dizeli nyingi hazibanwi hewa namna hiyo. Shusha gia mteremko ukianza, usisubiri breki zinuke.

1. Toyota Harrier ya 2013 na kuendelea, petroli, lita 2.0. Haisisimui kuendesha, na ukiipandisha mlima imejaa injini inalalamika. Lakini safari fupi haziidhuru, foleni ya Mwenge haiidhuru, fundi yuko kila mtaa, na vipuri vipo Kariakoo. Injini yake ni sisi (cc) 1,986, kwa hiyo inabaki chini ya mstari wa sisi 2,000 ambao ukivukwa ushuru wa bidhaa unapanda. Angalia gia tu: ni za CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua, zinataka mafuta yake maalumu, usikubali fundi anayekwambia "yoyote yanafaa".

2. Prado ya dizeli, lita 2.8, kuanzia katikati ya 2015. Nm 450, na kwa barabara ndefu ni raha. Ya petroli lita 2.7 siipendekezi: Nm 246 kuvuta gari lenye tani mbili, injini ileile inayowekwa kwenye Hiace. Matokeo yake ni kukanyaga muda wote na kusimama sheli mara kwa mara. Ya dizeli nayo ina masharti. Inatumia maji ya urea yenye tangi lake, na yakiisha gari linagoma kuwaka tena. Kabla hujalipa, hakikisha unajua utayanunua wapi.

3. Land Cruiser mkonga (ile ya 70 Series), injini ya dizeli ya 1HZ. Lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Fundi wa Sumbawanga anaijua kuliko anavyoijua simu yake. Kama una shamba, kipande kibaya cha barabara na mvua za masika, ipandishe iwe namba moja. Mjini ni nzito, inakunywa, na kuigeuza kwenye maegesho ni kazi.

4. Mazda CX-5 ya dizeli. Hapa nitagombana na watu, kwa sababu kati ya haya manne ndiyo tamu zaidi kuendesha. Shida ni chujio la masizi kwenye ekzosi, mafundi wanaliita DPF. Linajisafisha kwa kuchoma masizi, na ili lichome linahitaji joto la mwendo wa barabara kuu. Ukikaa na gari kati ya Mbezi na Posta, linaanza kujisafisha, unazima, linaanza tena, unazima. Mafuta ya ziada yanayopulizwa kwa ajili ya kuchoma yanateremkia kwenye oili.

Ndiyo maana kijiti cha oili cha Mazda hii kina alama ya X juu ya F, ile ya oili iliyojaa. Ukienda kulikagua, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, chomoa tena. Oili ikikaribia X, imeshachanganyika na dizeli na inatakiwa kumwagwa. Muuzaji akikwambia "oili imejaa, iko vizuri", muage kwa heshima. Salfa ya kwenye dizeli nayo ihesabu, maana huliongezea chujio uchafu: mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati cha Japani ni 10. Anayesafiri Dar–Dodoma kila wiki, kwake Mazda hii inapanda hadi ya kwanza bila ubishi.

Dizeli yoyote utakayoikagua, nenda asubuhi na ushike boneti kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, mtu ameshaiwasha ili usione moshi wa kuanzia. Oili nyeusi isikutishe, dizeli huichafua mapema. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukumwa, pete za pistoni zimechoka.

Ukishanunua, pale sheli tamka "dizeli" kwa sauti na utazame pampu inayoshikwa. Wakikuwekea petroli, usiwashe, hata swichi usizungushe. Sukuma pembeni, ita fundi, tangi limwagwe papo hapo. Petroli ikishafika kwenye pampu ya presha na nozeli, bili itakuwa ya kutisha.