Somnath: Hekalu la Shiva Ukingoni mwa Bahari

Anayekwenda Somnath akitarajia kukuta magofu ya kale atarudi amevunjika moyo. Hekalu lililopo leo katika mji wa Prabhas Patan, kwenye pwani ya Gujarat nchini India, ni jengo la juzi: Sardar Vallabhbhai Patel, Naibu Waziri Mkuu wa India, aliazimia lijengwe upya mwaka 1947, na Rais Rajendra Prasad akashiriki ibada ya kuliweka wakfu tarehe 11 Mei 1951. Kilicho cha kale ni mahali penyewe. Hapa ndipo jeshi la Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, lilipofika mwaka 1026 na kulibomoa hekalu la wakati ule, na hapa ndipo Wahindu wanapopahesabu kuwa pa kwanza kati ya mahali 12 ambapo mungu Shiva huabudiwa kwa umbo la jyotirlinga, yaani nguzo ya nuru.

Nilifika mwezi wa Januari, nikiongozana na mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Tanga, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kutoka Ahmedabad ni safari ya kilomita zipatazo 400 kwa barabara. Wanaopenda treni hushuka Veraval, mji wa wavuvi ulio jirani kabisa. Dereva wa teksi tuliyemkodi alitushusha mbali na lango akadai nauli zaidi ya tuliyopatana, kwa hiyo patana mapema na usilipe mpaka ufike.

Kuingia ni bure, ila ukaguzi ni mkali. Simu, kamera, mikoba na mikanda ya ngozi huachwa nje, na viatu pia, nawe unabaki na kipande chenye namba ambacho ole wako ukipoteze. Asiyekuwa Mhindu na ajue kwamba mwaka 2015 wadhamini wa hekalu walibandika tangazo la kumtaka aombe kibali kwanza. Mimi niliomba. Mzee alinikanya kwa upole, “Mwanangu, humo ndani usisimame ukashangaa, watu wametoka mbali kuja kusali.” Alikuwa na haki, kwani mbele ya chumba kitakatifu foleni haikupi zaidi ya pumzi tatu: unaona dhahabu, maua, moshi wa ubani, kisha msongamano unakusukuma pembeni. Kama ningekuwa nimekuja kwa ajili ya dakika hiyo peke yake, ningesema safari haikulipa.

Kilicholipa safari yangu ni ua wa upande wa kusini, ambako ukuta wa hekalu unakutana na Bahari ya Uarabuni na mawimbi yanapiga chini ya miguu ya mahujaji. Pamesimama hapo nguzo iitwayo Baan Stambh, yenye tufe kileleni lililochomwa mshale unaoelekezwa baharini, na maandishi yake ya Kisanskriti yanadai kwamba kuanzia hapo hadi ncha ya kusini ya dunia hakuna nchi kavu katika mstari ulionyooka. Kaskazi ilikuwa ikivuma mgongoni mwetu, ikitoka bara na kuelekea majini. Mzee akashika ncha ya shali yake iliyokuwa ikipepea, akasema, “Upepo huu huu ndio uliomleta babu yangu Tanga.”

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo jingine la kufahamu. Yapo maandishi ya mwaka 1264, kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu, yanayoeleza jinsi mwenye meli kutoka Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, Nuruddin Firuz, alivyopata ardhi hapa Somnath akajenga msikiti, miaka zaidi ya 200 baada ya Mahmud. Cheo chake ni neno tunalolitumia mpaka leo: nahodha. Jambo hili lingestahili kutajwa kwa kila mgeni anayesimuliwa habari za uvamizi tu.

Arati, yaani ibada ya kuzungusha taa mbele ya sanamu, huwa mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa moja jioni. Ichague ya jioni, lakini ufike saa kumi na moja ili uwahi kuliona jua likizama baharini kabla ngoma na kengele hazijaanza. Onyesho la sauti na taa linalofuata husimuliwa kwa Kihindi, na asiyeijua lugha hiyo hatapata mengi. Badala yake, vuka uende kwenye hekalu dogo lililojengwa na malkia Ahilyabai Holkar mwaka 1783, hatua chache tu kutoka lile kubwa. Tulikuta watu wachache mno, na mzee akapata nafasi ya kuketi sakafuni, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila ya mtu kumwambia asogee.