Redio ya umma ya jimbo letu: nyota moja. Haya, tatu. Mbili na nusu!

Sikujua kama ipo siku nitagombana na redio. Nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Marekani, mwendo wa dakika 40 kwa gari, na mwenzangu wa njiani ni redio ya umma ya jimbo, ile ambayo sisi wasikilizaji huichangia. Usiku wa manane wanaunganisha BBC World Service, nami namkumbuka baba na redio yake ya betri. Taarifa ya habari ikianza, hata kukohoa ulikohoa nje.

Basi kuna wiki ikageuka shhhhh tupu. Siku ya kwanza nikalaumu gari. Ya tatu nikapiga simu. Mama aliyepokea ananiambia, "Mbona huku kwetu inasikika vizuri?"

Huku kwenu! Kwani nimepiga kutoka huko kwenu? Redio ya jimbo zima studio ziko mjini, minara imetapakaa hadi milimani. Wa kwetu ukizimika, yeye makao makuu anasikia raha zake. Nikamweleza taratibu. Akanikatisha: "Jina lako nani tena? Taja herufi moja moja." Mara tatu! Halafu eti nisikilize kwa programu ya simu. Mama wee, njia ninayopita hata meseji haitoki.

Jumamosi ikaja barua. Nikajua ni radhi. Wapi! Wanaomba nyongeza ya mchango, na jina langu limeandikwa sawasawa, halina kosa hata moja. Nikakata dola zangu 10 za kila mwezi palepale. Begi walilonizawadia sasa nabebea vitunguu.

Ila nisiwe mwongo. Wanangu Kiingereza walikianzia kwa Sesame Street, kipindi cha watoto, kwenye televisheni yao hao hao, kwa antena tu, bila bili. Na mwaka 2025 Bunge la Marekani lilipofuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, nilijiona kama niliyemfokea mgonjwa kitandani. Pengine fundi wa minara wamebaki naye mmoja. Sasa yule mama si angesema? "Fundi ni mmoja, tuvumilie," na mimi ningeongeza hata dola mbili.

Mnara umerudi, nami nimerudisha dola 5. Tano nyingine namsubiri yule mama anipigie. Namba anayo. Jina pia, herufi moja moja.